Naimba kwaya, lakini nikiulizwa imani yangu nakosa la kusema

Swali: "Tumsifu Yesu Kristu, mwalimu. Nina miaka 41, nauza nguo Malindi mjini na naimba kwaya. Nilibatizwa utotoni, nikapata kipaimara nikiwa darasa la saba, na tangu hapo sijafundishwa tena. Rafiki yangu anayejiandaa kubatizwa Pasaka ameniomba niwe mama yake wa ubatizo, nimeshindwa kumjibu. Jirani yangu Mwislamu aliniuliza mbona twaabudu miungu mitatu, nikabaki kucheka. Na nyumbani Ganda wazee wanakusanya mchango wa koma, yaani mizimu ya wazee waliokufa, sijui nitoe au nisitoe. Komunyo sipokei kwa kuwa mimi na mume wangu tulioana kimila tu. Mtu mzima kama mimi nianzie wapi?"

Jibu: Milele na milele, amina.

Barua yako ina maswali kadhaa, na lililo zito kuliko yote umelipitisha kwa sentensi moja, kama mtoto anayepita mbele ya wageni akiwa ameinama. Nitalifikia. Kabla ya hapo nikuondolee hiyo aibu ya "mtu mzima kama mimi". Katika karne za kwanza, wanafunzi wa dini walikuwa watu wazima hasa. Mnamo karne ya 4 askofu Sirili wa Yerusalemu alikuwa akiwafundisha Kwaresima nzima watu wenye kazi zao na familia zao, akiwafafanulia Kanuni ya Imani sentensi kwa sentensi, kisha wakishabatizwa akawaeleza sakramenti walizopokea. Sisi ndio tuliolifanya darasa la dini kuwa jambo la watoto. Ukapewa majibu ya mtoto wa darasa la saba, ukaambiwa yakutoshe mpaka kaburini. Hayatoshi, na kosa si lako.

Wala huanzi alifu kwa ujiti. Mwanakwaya aliyeimba Misa miaka na miaka ana akiba kubwa ya mafundisho kichwani. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha yametoka wapi na yanashikanaje. Chukua Jumapili moja tu. Mkiimba Utukufu, mstari wa kwanza ni wimbo wa malaika usiku ule wa wachungaji, Luka 2:14. Mtakatifu ina sehemu mbili: ya kwanza nabii Isaya aliisikia kwa maserafi wakiitikiana (Isaya 6:3), na ile ya kumbariki anayekuja kwa jina la Bwana ni Zaburi ya 118, ndiyo waliyompokea nayo Yesu alipoingia Yerusalemu. Mwanakondoo wa Mungu ni maneno ya Yohane Mbatizaji akimwonyesha Yesu kwa kidole (Yohane 1:29). Na yale ya mwisho kabla ya komunyo, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu", yana mwenyewe: akida wa jeshi la Kirumi, mtu wa mataifa, aliyekuwa na mtumishi mgonjwa nyumbani (Matayo 8:8). Yaani padri, watawa, mwenyekiti wa parokia na wewe, wote kila Jumapili mnaazima maneno ya mtu ambaye hata hakuwa wa dini ya Yesu. Wewe usiyepokea unayasema vilevile, na yanakuhusu vilevile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni daftari. Kila juma chagua wimbo mmoja au sala moja ya Misa, utafute ilipotoka katika Biblia, usome sura nzima, uandike mistari miwili mitatu kwa maneno yako. Usikimbilie kumaliza. Wimbo wa katikati uupe nafasi ya pekee: ni zaburi, nao huchaguliwa kulijibu somo la kwanza, na katika Jumapili za kawaida somo la kwanza lenyewe huchaguliwa lielekee Injili ya siku hiyo. Ukisoma vyote vitatu Jumamosi usiku, utayasikia mahubiri kwa sikio jingine. (Na wanakwaya wenzako wanisamehe: wakati wa mahubiri acheni kupekua nyimbo za sadaka.) Mzunguko wa masomo ya Jumapili ni wa miaka mitatu: mwaka A ni wa Matayo, B wa Marko, C wa Luka, na Yohane husikika zaidi Kwaresima na kipindi cha Pasaka. Mtu akifuata miaka mitatu bila kuruka, amepita karibu kila pahali penye uzito katika Injili.

Sasa jirani yako. Swali lake ni la heshima na linastahili jibu, lakini jibu hilo ujipe wewe kwanza. Lipo ndani ya Nasadiki, ndiyo hiyo Kanuni ya Imani. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nisea, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, kwa sababu padri mmoja wa Aleksandria, Ario, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe: mkuu kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe. Jibu la mtaguso unalitamka kila Jumapili: "Mungu kweli kwa Mungu kweli, aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Kila neno hapo limepiganiwa. Sehemu kubwa ya yale tunayosema juu ya Roho Mtakatifu ikaongezwa katika Mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381. Angalia inavyoanza: "Nasadiki kwa Mungu mmoja." Neno "mmoja" limetangulia yote. Kanisa halijapata kufundisha miungu mitatu, na anayefundisha hivyo ameliacha. Tunasema Mungu ni mmoja, na katika umoja huo kuna Nafsi tatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Wala hatusemi Mungu alioa, wala Bikira Maria si mmoja wa hao watatu. Wapo jirani wengi wanaodhani hivyo, na ukiliondoa hilo tu umekwisha kufanya kazi kubwa.

Ukishindwa kueleza zaidi ya hapo, sema umeshindwa. Ila nakuomba usitumie ule mfano wa maji, barafu na mvuke. Najua unapendwa sana na hata baadhi ya makatekista huutoa. Unafundisha kwamba Mungu ni mmoja anayebadili sura, leo Baba, kesho Mwana, na fundisho hilo Kanisa lilikwisha kulikataa katika karne ya 3, lilipohusishwa na mtu aitwaye Sabelio. Ukisoma Injili ya ubatizo wa Yesu utaona kwa nini: Mwana yuko mtoni, Roho anashuka, sauti ya Baba yasikika, wote kwa wakati mmoja. Kiganja cha maji hakiwi barafu na mvuke kwa pamoja.

Na usijifunze ili umshinde jirani. Malindi ina kumbukumbu ya mambo haya. Mwaka 1542 Fransisko Ksaveri, akiwa safarini kwenda Goa, alipitia mji huu, na katika barua yake anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye kuheshimika alimwuliza kama Wakristo huko kwao huenda kanisani kwa bidii. Yule mzee alikuwa na uchungu: mjini palikuwa na misikiti 17, akasema, na inayosaliwa ilikuwa 3 tu, na kwa watu wachache. Aliyeuliza alikuwa na huzuni ya mcha Mungu, tena huzuni ambayo paroko yeyote wa leo angeielewa. Ksaveri, pamoja na utakatifu wake, alimjibu kwa ukali, na kila mmoja akabaki na maoni yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja, aliye hai. Basi ukimpelekea jirani yako futari mwezi wa Ramadhani na kumwambia kweli kwamba unamwabudu Mungu mmoja, umejibu sehemu yako.

Katika Nasadiki hiyohiyo kuna jina linaloshangaza: Ponsio Pilato. Mbona gavana wa Kirumi anatajwa katikati ya sala? Kwa sababu alikuwa mtu wa kweli, aliyeitawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36. Kanisa linasema mambo haya yalitokea mahali fulani, wakati fulani, chini ya serikali inayojulikana, hayakuanza kwa "hapo zamani za kale". Mimi nikifundisha watu wazima huanzia hapo kwa Pilato, na sijaona darasa lililosinzia.

Tuje kwenye koma, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa Wakristo wengi wa pande zetu wana maisha mawili, moja la parokiani na moja la nyumbani, na hakuna anayewasaidia kuyakutanisha.

Kuwakumbuka wazee waliotangulia si dhambi. Kulitunza kaburi, kusimulia ukoo, kukutana na kula pamoja kwa ajili yao, hayo ni mema. Na vile vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, vilivyosimamishwa kwa ajili ya wazee wa Gohu, kile chama cha wazee wa Kigiriama, ni heshima ya watu kwa watu wao. Walioviiba na kuviuza ng'ambo ndio wenye la kuungama. Kanisa nalo lina mwezi mzima wa Novemba kwa ajili ya marehemu, na siku yao tarehe 2. Tena, kwa kuwa umeuliza juu ya mchango, soma Kitabu cha Pili cha Makabayo, sura ya 12. Yuda Makabayo baada ya vita alikusanya mchango, drakma 2,000 za fedha, akaupeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi za wale waliokufa. Mchango kwa ajili ya wafu upo katika Biblia yetu.

Lakini tazama unapokwenda. Wa Yuda ulikwenda kwa Mungu, akiombwa awarehemu wafu. Mchango wa kumwagia koma pombe ya mnazi na kuwachinjia ili waache kuleta ugonjwa, au ili watoe mvua na watoto, unakwenda kwa wafu wenyewe, na nyuma yake mara nyingi yupo mganga aliyepiga ramli akataja kilichowaudhi. Hapo Kanisa linasema hapana. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2116, inakataa kila aina ya ramli, na ile ya 2117 inakataa uchawi, hata ule unaofanywa ili kuponya. Halisemi hivyo kwa kuwadharau wazee. Linataka kukuondoa katika hofu: aliyekufa katika mikono ya Mungu hawezi kuwa mdai anayekutumia homa kwa kuwa hukuleta mbuzi.

Kwa vitendo, uliza kwanza mchango ni wa nini. Ikiwa ni chakula cha wageni, au kulijengea kaburi, toa kwa moyo mmoja na uende ukapike. Ikiwa ni mbuzi wa koma au ujira wa mganga, usitoe. Ila usiyaseme hayo barazani mbele ya watu siku ya mkutano. Nenda mapema kwa mzee mmoja mwenye kukusikiliza, mpe shikamoo yake, mweleze kwamba hujawatupa wazee wako: wewe utatoa nia ya Misa kwa majina yao, na utaileta jumuiya yako ndogo ndogo ije kusali pale nyumbani, nao wale pamoja na ukoo. Wengine watanung'unika. Wengi, nionavyo, wanachoogopa ni mtoto kuukimbia ukoo, na wakiona hujaukimbia watatulia.

Sasa ile sentensi yako moja.

Umesema hupokei komunyo kwa kuwa ndoa yenu ni ya kimila. Umeandika kana kwamba ni kilema ulichozaliwa nacho. Si hivyo. Kwanza, hujatengwa na Kanisa. Wewe ni Mkristo kamili unayesali, unayetoa sadaka, unayeimba. Ndoa yenu inaheshimika mbele ya ukoo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za kimila. Lakini Mkatoliki hufunga ndoa mbele ya Kanisa: mbele ya padri au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Bila hapo, ndoa kwa Mkatoliki haijakuwa sakramenti, ndiyo sababu ya kutokupokea.

Hesabu tena walioitwa: padri, mashahidi wawili, na ninyi wawili. Hakuna hema, hakuna keki, hakuna magari yenye maua. Watu wengi huku Pwani wamekaa miaka mingi bila komunyo kwa kuogopa gharama ya sherehe ambayo Kanisa halikuiomba. Na nguo unauza mwenyewe. Kama kikwazo ni mahari ambayo haijaisha, hayo ni mapatano ya familia na hayazuii sakramenti, ingawa ni busara kuwaarifu wazazi mapema wasije wakaona wamerukwa. Kama mumeo si Mkatoliki, Mwanglikana kwa mfano, au hajabatizwa, au ni Mwislamu, ndoa inawezekana kwa idhini ya askofu, na paroko ndiye anayeiomba. Kama ana mke mwingine, au mmoja wenu alipata kufunga ndoa kanisani na mtu mwingine, ni kazi ndefu zaidi. Mwambie paroko kila kitu siku ya kwanza, usimpe nusu ya habari.

Na kama mumeo anakupenda, anakaa nawe kama mkewe, ila hataki kabisa kukanyaga kanisani? Hili watu hawaambiwi. Sheria ya Kanisa inampa askofu uwezo wa kuiponya ndoa tangu mzizi wake, bila sherehe mpya, mradi nia ya wote wawili ya kuwa mume na mke bado ipo. Haitolewi kirahisi, na inategemea hali yenu, lakini ipo, na unayo haki ya kuiulizia kwa jina hilo.

Hapo ndipo tunamfikia rafiki yako, na hapa sitakupamba. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 874, inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na Ekaristi, na aishi maisha yanayopatana na imani na kazi anayoipokea. Kwa hali yenu ya sasa, paroko huenda akasema subiri. Usimfiche rafiki yako. Mwambie: "Nataka, lakini kuna jambo natengeneza kwanza." Yeye anayeacha maisha ya zamani ili abatizwe atalielewa kuliko mtu yeyote.

Kisha nenda ukae naye darasani. Hili ndilo jibu langu kwa "nianzie wapi". Anayefuatana na mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, njiani si lazima awe ndiye atakayesimama naye usiku wa ubatizo, na hakuna anayekuzuia kuketi kwenye benchi lile. Utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, uliotolewa mwaka 1972, ulifufua njia ya kale kwa hatua zake: kupokelewa, kufundishwa, kuteuliwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, halafu Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano wateule huombewa mbele ya waamini wote, wakisomewa Injili ya Yohane: mwanamke Msamaria kisimani (sura ya 4), kipofu tangu kuzaliwa (ya 9), Lazaro (ya 11). Ya Msamaria uisome kwanza. Ni mwanamke aliyeulizwa habari za mume wake akajibu kwa sentensi fupi kama yako, na bado ndiye aliyeuleta mji mzima kwa Yesu.

Vitabu si vingi. Biblia yako ihesabu: ya Kikatoliki ina vitabu 73, ikiwa ina 66 tu, hutawakuta hao Makabayo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ilitangazwa mwaka 1992, ina aya 2,865 katika sehemu nne: tunachosadiki, sakramenti, maisha ya Kikristo, sala. Wengi huanza ukurasa wa kwanza na kuishia wa ishirini. Anza na sehemu ya nne, ile ya sala, kwa sababu ni fupi na inaishia kwa kuifafanua Baba Yetu neno kwa neno. Pia kuna muhtasari wake wa mwaka 2005, wenye maswali na majibu 598, ambao utakufaa kama una dakika chache kabla mteja hajaingia dukani. Wahubiri wa kwenye simu waache kwa mwaka huu. Wapo wazuri, lakini bado huna kipimo cha kuwajua wabaya.

Juma hili fanya moja tu: nenda ofisi ya parokia na mumeo, na kama hataki nenda peke yako. Omba cheti kipya cha ubatizo, usitegemee kile cha zamani kilichokunjwa kabatini, kwa maana pembeni mwa kitabu cha ubatizo huandikwa pia kipaimara na ndoa, na paroko atataka kuona kama pako wazi. Ikiwa ulibatizwa parokia nyingine, kitabu kipo kulekule, hata kama wakati huo pande hizi zilikuwa chini ya Mombasa, kabla Jimbo la Malindi halijaundwa mwaka 2000. Nenda na majina ya wazazi wako, ya msimamizi wako na mwaka unaoukumbuka. Chagua siku ya kazi, asubuhi. Jumapili baada ya Misa utamkuta paroko ana funguo za gari mkononi, anakimbilia kanisa la kigango cha pili.